UZI: Wakisema "bwawa liko salama", wanamaanisha nini hasa?

Kila masika mjadala ni ule ule. Mvua inanyesha siku nne mfululizo, video ya maji ya kahawia inaanza kuzunguka WhatsApp na maandishi mekundu, "NDAKAINI INAPASUKA, HAMENI", halafu jioni mheshimiwa fulani anasimama mbele ya kamera na kusema bwawa liko salama kabisa, wananchi wasiwe na hofu. Mpinzani wake anajibu kwamba kuna mambo yanafichwa. Sisi huku chini tunamwamini yule tuliyempigia kura, basi.

Nasoma sayansi ya siasa, sio uhandisi. Lakini nimelelewa Ruiru, na baada ya mafuriko ya 2024 nilichoka kubishana na watu juu ya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekielewa. Nikaanza kusoma sheria, nikauliza maenjinia wawili watatu wanaonivumilia, nikatembea kidogo. Hiki ndicho nilichopata. Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ni uzi mrefu, tafuta chai.

Kwanza tujue tunaishi chini ya nini. Maji yetu yote yanatoka Aberdare. Ndakaini, ambalo kwa vitabu linaitwa Bwawa la Thika, liko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, kwenye Mto Thika. Lilikamilika 1994. Ni tuta la udongo lenye urefu wa mita 65 kwenda juu, na likijaa linabeba mita milioni 70 za ujazo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Sasumua liko Nyandarua, ni la miaka ya 1950, na maji yake ni ya Mto Chania. Chania na Thika zinakutana pale Blue Posts, yaani unapokula nyama na kupiga picha za maporomoko uko chini ya mabwawa mawili kwa mpigo. Karimenu II liko Gatundu Kaskazini, lilizinduliwa 2022, linabeba milioni 26.5, na ndilo linalotuletea maji sisi watu wa Ruiru, Juja na Thika, pamoja na kiasi kinachoenda Nairobi. Halafu kuna Bwawa la Ruiru lenyewe, la enzi za mkoloni, dogo, kama milioni 3 hivi.

Sasa angalia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililojengwa kuzuia mafuriko. Yote ni ya maji ya kunywa. Na hapa ndipo ahadi ya kwanza ya jukwaani inapoanza kuvuja.

Utasikia mtu akiahidi bwawa moja litakaloleta maji kwa mifereji na kumaliza mafuriko. Inawezekana, yapo mabwawa ya kazi nyingi, Thwake kule Makueni limepangwa hivyo, na Koru-Soin kwenye Mto Nyando sababu yake kubwa ni mafuriko ya tambarare za Ahero. Lakini kazi hizi mbili zinavutana. Bwawa la maji ya kunywa linataka kujaa masika yakianza, ndio ule wakati wa kiangazi usikae na mitungi kwenye foleni. Bwawa la mafuriko linataka kuwa na nafasi tupu masika yakianza, ndio lipokee maji mengi na kuyaachilia pole pole. Bwawa lililojaa haliwezi kuzuia chochote. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Kwa hivyo mtu akikuahidi yote mawili, muulize: ni mita ngapi za juu zitaachwa tupu mwezi wa Machi, na nani ataamua wakati Nairobi inalia kiu? Akijibu hilo, msikilize. Wengi hawajibu.

Na hapo hapo nitoe dhana moja njiani. Maji yakianza kumwagika pale Ndakaini, si kupasuka. Kuna njia iliyojengwa ya kutoa maji ya ziada, maenjinia wanaiita spilwei, na kazi yake ni hiyo. Bwawa likijaa na spilwei ikifanya kazi, ujue mambo yanaenda yalivyopangwa. La kuogopesha ni maji kupita juu ya tuta lenyewe, mahali ambapo hayakutengenezewa kupita.

Sasa "salama" hupimwaje?

Tuta la udongo huwa na njia mbili kubwa za kufa. Ya kwanza ni hiyo ya maji kupita juu. Udongo ulioshindiliwa unaweza kushikilia mzigo mkubwa wa maji miaka na miaka, lakini maji yakianza kuteremka kwa mgongo wake wa nyuma, yanakata, yanachimba, na ndani ya saa chache hakuna tuta. Ya pili ni ya kimya. Maji yanapenya ndani ya tuta au chini ya msingi wake, kidogo kidogo, yakibeba chembe za udongo, mpaka yanajitengenezea bomba. Nje unaona nyasi nzuri tu. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikufa kwa hiyo njia ya pili Juni 1976, na lilikuwa jipya kabisa, ndio mara ya kwanza linajazwa. Watu 11 walikufa. Nalitaja kwa sababu kuna dhana kwamba bwawa jipya halina shida. Kujazwa kwa mara ya kwanza ni mojawapo ya vipindi vinavyowanyima maenjinia usingizi.

Kwa hivyo mkaguzi akifika, anaangalia vitu ambavyo hata wewe ungeviona ukifundishwa. Kuna unyevu upande wa nyuma wa tuta mahali palipokuwa pakavu? Maji yanayochuruzika chini ni masafi au ya matope? Tofauti hiyo ni kubwa: kila tuta la udongo huchuruzika kidogo, na maji masafi mara nyingi ni ya kawaida. Matope maana yake tuta linabebwa. Kuna nyufa? Kuna sehemu imedidimia? Kuna mashimo ya panya au fuko? Kuna miti? Ndiyo, miti. Tumefundishwa kupanda miti kila mahali, lakini mti kwenye tuta la bwawa ni adui, mizizi ikioza inaacha mashimo. Kisha spilwei: iko wazi, au mtu ameweka wavu wa samaki, au ameinua mdomo wake kwa magunia ya mchanga ndio bwawa libebe maji zaidi? Usicheke. Hilo la magunia enjinia mmoja aliniambia ndilo jambo la kwanza analoangalia kwenye mabwawa ya mashamba.

Mabwawa makubwa yana vifaa pia. Kuna piezometa, mirija inayopima msukumo wa maji ndani ya tuta. Kuna alama za kupima kama tuta linasogea au kushuka. Kuna mahali pa kupima ni lita ngapi zinachuruzika kwa dakika. Tarakimu moja haisaidii sana. Kinachotafutwa ni mwendo wake. Ikiwa mwaka jana, maji yakiwa kimo hiki hiki, mchirizo ulikuwa kiasi fulani na mwaka huu umeongezeka maradufu, hapo kuna hadithi. Ndio maana swali zuri kwa mheshimiwa si "bwawa liko salama?" Muulize vipimo vya miaka 10 viko wapi, na nani amevisoma.

Halafu kuna hesabu ya mvua. Spilwei hujengwa kwa mafuriko ya ukubwa fulani, na utasikia "mafuriko ya mara moja kwa miaka 100". Watu wanaelewa vibaya: ati yakija mwaka huu, tumepumzika mpaka 2120 na kitu. Hapana. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, bila kukumbuka ya mwaka jana. Umechukua mkopo wa nyumba wa miaka 25 chini ya spilwei ya aina hiyo? Uwezekano wa kuyaona mafuriko yanayoizidi kabla hujamaliza kulipa ni kama asilimia 22. Zaidi ya moja kwa tano. Na hesabu yenyewe inategemea rekodi za mvua za zamani, ilhali 2018, 2020, mwisho wa 2023 na 2024 tumekuwa tukiloweshwa vilivyo.

Tusidhani haya ni ya Marekani tu. Mei 2003 mvua iliharibu spilwei ya Sasumua. Tuta halikuondoka, lakini bwawa likalazimika kubeba maji pungufu, ukarabati ukachukua miaka, na Nairobi ikabana mkanda. Maji yake, nimesema, ni ya Chania. Ni watu wangapi Thika wanaokumbuka hilo? Niliuliza nyumbani, hakuna.

Lakini sasa nigeuze, kwa sababu nadhani Ndakaini si pa kuanzia hofu yako. Ndakaini lina mwenyewe anayejulikana, lina maenjinia, lina vifaa, na likikohoa tu gazeti linaandika. Mimi ninayeogopa ni mabwawa ambayo hayana jina.

Ukitoka Ruiru kwenda Juja mpaka Thika, hii nchi yote ilikuwa kahawa. Na shamba la kahawa linahitaji maji, ya kunyunyizia na ya kuoshea kahawa kiwandani. Kwa hivyo kila bonde dogo, mkoloni na waliomfuata waliziba kwa tuta la udongo. Mengine yana miaka 60, 70. Ukipita kwa ndege unayaona kama vioo vimetawanyika. Wakati yanajengwa, chini yake kulikuwa na nini? Kahawa, nyasi, labda ng'ombe wawili. Tuta likipasuka unapoteza mimea.

Leo chini yake kuna nini? Mnajua wenyewe. Kahawa imeng'olewa, ploti za 50 kwa 100 zimeuzwa, maghorofa ya vyumba yamepanda mpaka kingo za mto. Tuta ni lile lile. Hakuna aliyeligusa. Lakini hatari yake imebadilika kabisa, na imebadilishwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga kwenye hilo tuta: wauza mashamba, wapimaji, na wale wanaopitisha ramani za majengo.

Hapa ndipo sheria inavutia, vumilieni kidogo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Usalama wa mabwawa umetajwa waziwazi, kwa maneno hayo hayo, kipengee cha 22, na ni kazi ya serikali kuu. Kwa hiyo gavana akisimama na kusema bwawa liko salama, anasema jambo ambalo kikatiba si lake kulithibitisha. Lakini mipango ya ardhi na nyumba ndani ya kaunti, mifereji ya maji ya mvua mijini, na kushughulikia majanga, hizo ni za kaunti. Na tuta lenyewe, kwa mabwawa haya ya mashamba, ni mali ya mtu binafsi au kampuni, ambaye ndiye anapaswa kulitunza na kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Umeona pengo? Mwenye shamba ana tuta. Serikali kuu ina kitabu cha mabwawa. Kaunti ina kalamu ya kupitisha majengo. Hatari inazaliwa pale tatu zinapokutana, na kila mmoja akiulizwa anaonyesha kidole kwa mwenzake bila hata kusema uongo. Ukisikiliza mijadala ya redio baada ya kila mkasa utaona ni hicho tu kinachoendelea kwa saa mbili.

Linazidi kuwa gumu ukiangalia mabwawa yanavyopangwa kwa madaraja. Kanuni za maji za 2007 ziliweka makundi matatu, A, B na C, na vipimo vikuu ni kina, ujazo na ukubwa wa eneo linaloleta maji. Chini ya mita 5 za kina na chini ya mita 100,000 za ujazo, uko A, hatari ndogo. Zaidi ya mita 15 au zaidi ya milioni moja, uko C. Kanuni hizo zilibadilishwa 2021, lakini mabwawa mengi ya huku ni mazee kuliko hata zile za 2007, na mantiki ya kupima kwa ukubwa imekaa vichwani mwetu sote: bwawa dogo, hatari ndogo.

Hebu tupime hiyo "ndogo". Lile lori la maji linalokuja kwa mtaa mifereji ikikauka hubeba lita 10,000, yaani mita 10 za ujazo. Bwawa la mita 90,000, ambalo bado ni dogo kwa kipimo hicho, ni malori 9,000. Yafungulie yote kwa wakati mmoja, usiku, juu ya mtaa wako. Marekani wanauliza swali tofauti wanapopanga madaraja: likivunjika, kuna mtu anaweza kufa? Kama jibu ni ndiyo, hilo ni bwawa la hatari kubwa, hata kama ni dogo na hata kama tuta lake ni zuri mno. Kipimo kinatazama chini ya bwawa. Na kwa kuwa watu huhamia, daraja linaweza kupanda bila tuta kubadilika hata inchi moja.

Tumeshalipa kwa somo hili. Usiku wa Mei 9, 2018, Bwawa la Patel, Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Lilikuwa bwawa la shamba. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wakiwa watoto, na wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Maafisa wa serikali walijitokeza baadaye kusema halikuwa na kibali. Baadaye! Seneti ikaunda kamati, watu tisa wakashtakiwa, kesi ikavutana kwa miaka. Swali ambalo lilinikaa mimi ni jepesi zaidi ya kesi: tuta kubwa kama hilo, linaloonekana kutoka kilomita kadhaa, lilikaaje miaka yote bila mtu mwenye mamlaka kupanda na kuuliza karatasi?

Na tusiseme walijenga kwenye kingo za mto. Hiyo ndiyo hoja inayonikera kuliko zote, na nitaitendea haki kwanza. Ni kweli kuna ukanda wa mto ambao hautakiwi kujengwa, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto, na ni kweli watu wamejenga ndani yake, wengine wakijua. 2024 waliondolewa, wengine kwa matingatinga. Lakini mita 30 ni kipimo cha mto unaojaa kwa mvua. Maji ya bwawa lililopasuka hayafuati mto, yanakuja kama ukuta na kutapakaa. Mtu wa Solai aliyekuwa mbali na mto, mwenye hatimiliki safi, alibebwa vile vile. Kipimo kinachofaa ni ramani ya mafuriko ya bwawa lenyewe: likipasuka, maji yatafika wapi, kwa dakika ngapi, kwa kina gani. Mabwawa makubwa hutengenezewa ramani hizo. Je, ofisi inayopitisha ramani za majengo huwa nayo mezani wakati inapiga muhuri? Hilo ndilo swali la kumuuliza MCA wako, yuko karibu na ana wakati.

Kuna na mabwawa ambayo hata hayajui kuwa ni mabwawa. Aprili 29, 2024, alfajiri, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Asubuhi ile kila mtu alisema ni bwawa la Old Kijabe limepasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba hapakuwa na bwawa pale: karavati iliyo chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka za mafuriko, maji yakakusanyika nyuma ya tuta, tuta likashindwa. Watu walichukulia maelezo hayo kama kujitetea. Mimi yaliniogopesha zaidi. Tuta la reli halina spilwei, halina mkaguzi wa mabwawa, haliko kwa orodha yoyote ya mabwawa. Ukipita njia ya reli ya Thika au chini ya barabara zetu kubwa, angalia karavati zimejaa nini. Chupa, magodoro, mifuko ya plastiki, na nyuma yake bonde zima.

Siku chache baada ya Mai Mahiu, serikali ilitoa orodha: mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 ambayo yangeweza kufurika wakati wowote, na watu wa karibu wakapewa saa 24 kuhama. Wapo waliosifu, wapo waliosema ni vitisho. Mimi nilijiuliza mambo mawili. Kama mlijua ni 178, mlijua tangu lini? Na kama hamkujua mpaka ile wiki, ilihesabiwaje haraka hivyo? Jibu lolote kati ya hayo mawili lina kazi ya kufanyiwa, na si la kuulizwa kwa matusi.

Usidhani onyo la kitaalamu linatosha, pia. Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yaliondoka usiku mmoja na maelfu ya watu. Mtafiti wa hukohuko alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla kwamba bonde lile liko hatarini na mabwawa yanahitaji kutunzwa. Wakaguzi wa hesabu nao walikuwa wameandika kwamba pesa za matengenezo zilitengwa na kazi haikufanyika. Karatasi zilikuwepo. Hazikuwa mikononi mwa waliolala chini ya mabwawa.

Hilo linanileta kwa kitu ambacho unaweza kufanya bila cheo chochote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaweka muda: siku 21 ujibiwe, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Huhitaji wakili wala kueleza kwa nini unataka. Ukinyimwa unaenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Barua yangu ilikuwa na maswali manne tu na unaweza kuyaiba: Bwawa hili lina kibali, na mwenye kibali ni nani? Lilikaguliwa mara ya mwisho lini na enjinia aliyesajiliwa? Liliwekwa daraja gani, na daraja hilo limeangaliwa upya tangu ploti za chini zianze kujengwa? Na kuna mpango wa dharura, nakala yake iko wapi?

Watu wengine watasema kutangaza ripoti za mabwawa kutaleta taharuki. Nimelifikiria. Naona taharuki tunayo tayari, kila masika, inatengenezwa na video ya sekunde 30 ambayo pengine ni ya nchi nyingine. Ripoti yenye tarehe na sahihi ya enjinia ingeiua hiyo video kabla ya saa sita mchana.

Swali la nne, la mpango wa dharura, nililiongeza baada ya kwenda kuliona bwawa moja la kahawa kati ya Ruiru na Juja. Silitaji na mwenyewe simtaji. Tuta lina migunga na mikaratusi mirefu kuliko nguzo za stima. Chini yake, umbali wa kutupa jiwe mara tatu, kuna ghorofa mpya ya orofa tano na kamba za nguo. Kwa lango kulikuwa na soja, mzee wa makamo, mpole, redio mkononi.

"Habari ya kazi, mzee."

"Nzuri kijana wangu. Unatafuta samaki?"

Nikamwambia nataka tu kujua kama bwawa hukaguliwa.

"Mimi ndiye hulikagua," akasema, akicheka. "Kila asubuhi. Likijaa napiga simu."

Nikamuuliza 2024 lilifika wapi. Akanionyesha kwa fimbo, karibu mkono mmoja chini ya kichwa cha tuta. Alilinda usiku kucha siku mbili, bila kulala.

"Na kama lingepita juu saa nane ya usiku, mzee, ungempigia nani?"

"Supavaiza."

"Na wale wa pale chini?"

Akaitazama ile ghorofa kwa muda. Akasema hana namba ya mtu yeyote pale, na supavaiza naye simu huzima saa nne.